MAONI: ASKARI WA MWILI WAKILEMEWA NA MAFUTA

Katika kambi zetu, na hata katika mitaa ya Kigali ambako wakimbizi wengi wanaishi, kuna usemi unaorudiwa kila mara: "Kolesteroli na presha ni magonjwa ya matajiri. Sisi tunaokula mahindi na maharage, yatatupata wapi?" Usemi huu unafariji, lakini ni wa hatari. Unawafanya watu wasipime, unawafanya waache dawa wakijisikia nafuu, na unawapa wanaotuhudumia sababu ya kutuweka mwisho wa orodha.

Kurasa hizi zimetufundisha mengi juu ya malaria, kipindupindu, kifua kikuu na VVU. Leo naomba nafasi nieleze jambo ambalo halizungumzwi sana: jinsi askari wa mwili wetu wanavyomeza kolesteroli, jinsi wanavyoitoa, na kinachotokea wakishindwa kuitoa. Usiogope maneno ya kitaalamu. Mtu aliyeelewa habari za CD4 ataelewa na hili. Baada ya hapo nitasema wazi ninachofikiri tunapaswa kufanya, sisi wakazi na wale wanaotuhudumia.

Kambi zimezeeka pamoja nasi

Kambi ya Kiziba, wilayani Karongi, ilifunguliwa mwaka 1996. Gihembe ilifuata mwaka 1997 na ikafungwa mwaka 2021, wakazi wake wakahamishiwa Mahama. Nyabiheke ni ya mwaka 2005, Kigeme ya 2012, Mugombwa ya 2014, na Mahama yenyewe ilianza 2015. Hesabu mwenyewe. Kijana aliyefika Kiziba akiwa na miaka 25 sasa amepita miaka 50.

Huduma za kambi hupangwa kwanza kwa ajili ya dharura: mtoto mwenye kuhara, mama mjamzito, surua, utapiamlo. Hiyo ni sawa kabisa, na lazima iendelee. Lakini watu waliofika wakiwa vijana hawakubaki vijana. Ugonjwa wa mishipa ya damu huanza kimya mtu akiwa bado na nguvu, ukajitokeza miaka 20 au 30 baadaye kama kiharusi au shambulio la moyo. Kwa hiyo wengi wetu tumeingia katika umri huo tukiwa bado tunadhani kwamba adui yetu ni mbu peke yake.

Kolesteroli si sumu

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Kolesteroli si uchafu ulioingia mwilini kwa bahati mbaya. Kila chembe ya mwili wako inaihitaji ili kujenga ukuta wake. Mwili unaitumia kutengeneza homoni za kiume na za kike, vitamini D, na nyongo inayosaga mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo ndani yako haikutoka kwenye sahani, imetengenezwa na mwili wako mwenyewe, hasa ini.

Shida ni usafiri. Mafuta na maji havichanganyiki, na damu ni ya majimaji. Hivyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake. Hufungwa katika vifurushi vidogo sana vya mafuta na protini. Kuna vifurushi vinavyoitwa LDL, ambavyo huibeba kolesteroli na kuisambaza mwilini. Kuna vingine vinavyoitwa HDL, ambavyo hukusanya iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo maana watu husema kolesteroli "mbaya" na kolesteroli "nzuri". Kusema kweli kolesteroli ni ile ile moja. Tofauti ni kifurushi kilichoibeba na safari kinayoifanya.

Mlango unaofungwa na mlango usiofungwa

Chembe ya kawaida ya mwili ina mlango wa kupokea LDL. Ikishapata kolesteroli ya kutosha, hupunguza milango hiyo. Ni kama mama mwenye nyumba anayesema ghala limejaa, asante, usilete tena. Utaratibu huu uligunduliwa na Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, na mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Lakini kuna chembe zenye mlango wa aina nyingine. Hizi ni askari wa mwili wanaoitwa makrofaji. Kazi yao ni kula: wanakula vijidudu, chembe zilizokufa, na takataka zote zinazokutwa mahali zisipotakiwa. Wako katika mapafu, ini, ngozi, na pia katika kuta za mishipa ya damu. Ukijikata na panga ukiwa unachanja kuni, wao ni miongoni mwa wanaofika kusafisha jeraha.

Sasa fikiria LDL nyingi zinapita katika mshipa kila siku. Presha kubwa inausukuma ukuta wa mshipa, moshi wa sigara unauchubua, sukari nyingi kwenye damu inauharibu. Baadhi ya LDL hupenya na kukwama ndani ya ukuta. Zikikaa humo, huharibika, kama vile mafuta ya kupikia yanavyochacha yakiachwa wazi. Makrofaji akikutana na LDL iliyoharibika, haitambui tena kama mzigo halali. Anaiona ni takataka, na takataka ni kazi yake. Anaimeza.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Mlango ambao makrofaji anautumia kumeza takataka haufungwi hata akishiba. Mwaka 1979 Goldstein, Brown na wenzao walionyesha kwamba makrofaji hawachukui LDL nzima kwa wingi, lakini ile iliyobadilishwa wanaimeza haraka na kuendelea kuimeza. Ni askari mtiifu mno, aliyepewa amri ya kusafisha na hakupewa amri ya kuacha.

Kolesteroli iliyomezwa haiwezi kuachwa ovyo ndani ya chembe, kwa kuwa ikizidi huwa sumu kwa chembe yenyewe. Makrofaji huifunga na asidi ya mafuta na kuiweka kama vitone vidogo vya akiba. Vitone vikiwa vingi, chembe ikitazamwa kwa hadubini inaonekana imejaa mapovu. Kwa sababu hiyo wataalamu huiita chembe ya povu. Chembe hizo zikikusanyika pamoja hufanya mistari ya manjano ndani ya mshipa. Huo ndio mwanzo wa ugonjwa.

Kutoa mzigo

Labda utauliza: kwa nini makrofaji asiichome kolesteroli hiyo kama mwili unavyochoma sukari na mafuta mengine? Jibu ni kwamba chembe zetu hazina uwezo wa kuivunja kolesteroli na kuifanya nguvu. Kwa makrofaji njia ni moja: kuikabidhi kwa mwingine aiondoe.

Makabidhiano hayo yana utaratibu. Kwanza makrofaji hufungua kile alichokifunga, akaitoa kolesteroli kwenye vitone vya akiba. Kisha anazo pampu katika ukuta wake. Moja inaitwa ABCA1. Hii huikabidhi kolesteroli kwa protini inayopita ikiwa karibu tupu, na protini hiyo ikipokea mzigo huanza kuwa HDL. Pampu nyingine, ABCG1, hupakia zaidi kwenye HDL ambayo tayari imekua. HDL huenda hadi kwenye ini, ini huitoa kolesteroli kwa njia ya nyongo, na sehemu yake hutoka na choo. Makrofaji akiwa na pampu nzima, na HDL zikipita za kutosha, mstari wa manjano unaweza kupungua.

Tunajua umuhimu wa pampu hii kutokana na familia moja ya kisiwa kidogo cha Tangier, huko Marekani. Mwaka 1961 madaktari walieleza habari za watoto wa kisiwa hicho waliokuwa na mafindofindo makubwa ya rangi ya machungwa. Rangi hiyo ilikuwa kolesteroli iliyojaa ndani ya makrofaji. Watoto hao walikuwa karibu hawana HDL kabisa. Mwaka 1999 ikagunduliwa kwamba walizaliwa na kasoro katika pampu ya ABCA1. Makrofaji wao walimeza, lakini hawakuweza kutoa.

Wengi wetu hatukuzaliwa na kasoro hiyo. Hata hivyo, mzigo ukiingia kwa wingi kuliko unavyotoka, mwisho unafanana. Askari analemewa, anaita wenzake kwa ishara za mchochota, yaani ile hali ya uvimbe na joto unayoiona kwenye kidonda. Wenzake wanafika, nao wanameza, nao wanalemewa. Wengine wanakufa humo humo ukutani, na mabaki yao yanakuwa kama usaha wa mafuta uliofunikwa na ngozi nyembamba. Siku ngozi hiyo ikipasuka, damu inaganda juu yake kwa dakika chache. Mgando ukiziba mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Jirani wanasema amerogwa, kwa sababu jana alikuwa mzima.

Hakuwa mzima. Ukuta wa mshipa wake ulikuwa umeugua kwa miaka mingi.

Ushahidi kutoka kwetu Afrika Mashariki

Ule usemi wa "magonjwa ya matajiri" una historia. Mwaka 1959 watafiti wawili waliofanya kazi Kampala, Shaper na Jones, walichapisha uchunguzi wao juu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Waliona kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwa Waafrika, lakini kwa Waasia waliokuwa wakiishi nchi hiyo hiyo ulikuwa tatizo kubwa. Kolesteroli ya damu ya Waasia ilikuwa juu zaidi, na chakula chao kilikuwa na mafuta mengi zaidi. Kwa hiyo wakati ule usemi ulikuwa na ukweli ndani yake.

Lakini tazama vizuri somo lake. Watu wa nchi moja, wanaopumua hewa moja, walitofautiana kwa namna ya kuishi. Maana yake ni kwamba kinga ya Waafrika wa mwaka 1959 haikuwa katika rangi ya ngozi. Ilikuwa katika chakula na kazi za mwili. Namna ya kuishi ikibadilika, kinga inaondoka. Na namna yetu ya kuishi imebadilika mno. Aliyekuwa akipanda milima ya Masisi na ng'ombe wake, au akilima mashamba ya Rutshuru, leo anakaa kwenye nyumba ya kambi au chumba cha kupanga Kigali, hana shamba wala mifugo, anatembea hadi bombani na kurudi.

Kuna ushahidi mwingine utakaowagusa wafugaji. Daktari Mmarekani George Mann aliwachunguza Wamaasai wa Tanzania, watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao ya damu iko chini. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 Wamaasai waliofariki. Katika kuta za mishipa walikuta mafuta na makovu, yaani makrofaji walikuwa wamemeza kama wa watu wengine. Lakini njia za damu zilikuwa pana, na moyo haukuwa umekosa damu. Mann alifikiri kwamba mwendo mrefu wa kila siku ndio uliopanua mishipa hiyo. Wataalamu wamejadiliana naye juu ya sababu, lakini jambo moja halina ubishi: hakuna kabila ambalo askari wake hawamezi mafuta.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesema babu yako alikunywa maziwa maisha yake yote akafa mzee, nakubaliana nawe. Lakini uliza pia babu alitembea kilomita ngapi kwa siku, na kama alivuta pakiti ya sigara akiwa amekaa kijiweni.

VVU na askari hawa

Sehemu hii naomba isomwe kwa makini na wale wanaoishi na VVU, na wale wanaowatunza.

Tumezoea kusema kwamba VVU hushambulia CD4. Ni kweli, lakini virusi hivi huingia pia katika makrofaji. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba protini moja ya VVU huizuia pampu ya ABCA1, ili makrofaji aliyeambukizwa ashindwe kutoa kolesteroli yake. Ongeza mchochota ambao VVU huuacha mwilini hata mtu akijisikia vizuri, utaelewa kwa nini wanaoishi na VVU wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Je, suluhisho ni kuacha dawa za kupunguza makali, kwa kuwa baadhi yake hupandisha mafuta ya damu? Hapana, tena hapana. Jambo hili lilijaribiwa. Uchunguzi mkubwa uliowahusisha watu zaidi ya 5,000 katika nchi 33 uliwalinganisha waliotumia dawa mfululizo na waliozisimamisha kwa vipindi. Mwaka 2006 ulionekana wazi kwamba waliosimamisha walikufa zaidi, na hata magonjwa ya moyo yaliwapata zaidi. Tishio la mishipa linapungua kwa kumeza dawa kila siku, si kwa kupumzika.

Kuna habari njema pia. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 7,769 wanaoishi na VVU, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo. Nusu yao walipewa dawa ya kupunguza kolesteroli ya jamii ya statini. Mashambulio ya moyo, viharusi na matatizo mengine makubwa ya mishipa yalipungua kwa asilimia 35 kwa waliopewa dawa hiyo. Hawa hawakuwa wagonjwa wa moyo, wala hatari yao haikuonekana kuwa kubwa. Mwenye miaka 40 na zaidi anayechukua dawa kliniki ana haki ya kuuliza: "Je, mimi nafaa kupewa statini?"

Jihadhari na wauzaji wa matumaini

Kwa kuwa sasa neno kolesteroli limeanza kuzunguka, kuna wanaolitumia kujaza mifuko. Utauziwa unga wa "kusafisha mishipa", chai ya "kuyeyusha mafuta", au vidonge vya "kuongeza kolesteroli nzuri". Ukishaelewa kazi ya makrofaji, utaona udhaifu wa maneno hayo. Mafuta hayako kwenye damu tu kama ukoko kwenye sufuria, kwamba utamwaga maji ya moto na limau yatoke. Yako ndani ya chembe hai, ndani ya ukuta.

Hata makampuni makubwa yamejaribu njia za mkato yakashindwa. Dawa moja iliyopandisha HDL sana, torcetrapib, ilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliokuwa wakiinywa walikufa zaidi ya wasioinywa. Kumbe wingi wa HDL kwenye karatasi ya maabara si sawa na kazi ya kuondoa mzigo. Mwaka 2017 dawa nyingine iliyotuliza mchochota, bila kugusa kolesteroli, ilipunguza mashambulio kwa kiasi. Hiyo ilithibitisha kwamba askari wa mwili wanahusika kweli. Lakini waliotumia dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi. Ukiwalaza askari, wezi wataingia. Kwetu sisi tunaoishi tukiwa tumesongamana, hilo ni onyo kubwa.

Kilichothibitika ni cha kawaida na hakina matangazo ya kelele: kupunguza LDL inayoingia ukutani, kushusha presha, kuacha tumbaku, kudhibiti kisukari.

Tufanye nini sisi wakazi?

1. Pima presha. Kila mtu mzima, hasa aliyepita miaka 40, apime hata kama haumwi. Presha haina dalili hadi imeharibu. Kwa wanaoishi Kigali, tangu mwaka 2016 jiji lina Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungiwa magari ili watu watembee na kukimbia, na mara nyingi hapo hupimwa presha na sukari bure. Nenda na jirani yako.

2. Acha sigara na tumbaku ya aina zote. Moshi huharibu ukuta wa mshipa, huharibu LDL na hupunguza HDL, yote kwa pamoja. Moshi wa kuni nao si rafiki. Pikia mahali penye hewa kila inapowezekana.

3. Tumia mafuta kwa akili. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli. Mawese pia hayana, lakini yana aina ya mafuta yanayolisukuma ini kuacha LDL nyingi kwenye damu, basi yatumike kwa kiasi. Usikaangie maandazi mafuta yale yale siku baada ya siku hadi yawe meusi. Punguza chumvi. Maharage, dodo na mboga nyingine za majani ni chakula bora, si chakula cha aibu.

4. Usimnyime mtoto mafuta. Nasema hili kwa herufi kubwa moyoni. Mtoto mdogo, mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa aliyekonda wanahitaji mafuta ya chakula. Makala hii isiwe sababu ya kumwaga kijiko cha mafuta kutoka kwenye uji wa mtoto.

5. Tembea. Anayeweza, atembee kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki. Hakuna foleni wala kadi ya kutembea.

6. Usiache dawa kwa kujisikia nafuu, na usigawane vidonge na jirani. Dawa ya presha na statini hufanya kazi zikiwa zinamezwa. Ukiziacha, mzigo unarudi.

7. Jua dalili za hatari. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutotoka sawasawa, au maumivu ya kubana kifuani: usisubiri asubuhi, usimtafute mganga wa kutoa uchawi. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Na wanaotuhudumia?

Najua jibu nitakalopewa. Misaada imepungua, mwaka 2025 imepunguzwa zaidi, na mtu atauliza: mnazungumzia kolesteroli wakati chakula hakitoshi? Ni swali la haki. Lakini mimi naona upungufu wa fedha ndio sababu hasa ya kuzuia mapema. Mtu mmoja akipooza, familia inampoteza aliyekuwa akitafuta kibarua. Binti anaacha shule amtunze. Gari la wagonjwa linaitwa, hospitali ya wilaya inampeleka Kigali, na gharama hiyo moja ingenunua vidonge vya presha vya watu wengi kwa muda mrefu.

Wala hatuombi maajabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali mapya ya kukadiria hatari ya moyo na kiharusi, na moja ya majedwali hayo halihitaji maabara. Linatumia umri, jinsia, uvutaji wa sigara, presha, na uzito kwa urefu. Mhudumu mwenye mizani, kipimo cha urefu na mashine ya presha anaweza kulitumia chini ya mti. Na statini si anasa: simvastatini iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu mwaka 2007, na ni dawa ambayo hutengenezwa na viwanda vingi.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, wahamasishaji wa afya wapewe mashine za presha na mafunzo, wapime nyumba kwa nyumba kama wanavyopima mikono ya watoto kwa utepe wa utapiamlo. Pili, kliniki ya VVU ipime presha siku ile ile mtu anapochukua dawa, asiambiwe arudi siku nyingine. Tatu, dawa za presha, kisukari na statini zisikatike kwenye stoo, kwani dawa inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao haimlindi mtu. Nne, viharusi na mashambulio ya moyo yahesabiwe katika ripoti za kambi kama malaria inavyohesabiwa. Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Wenzetu wa Kigali waliandaliwa njia mwaka 2019, pale Serikali ya Rwanda na UNHCR walipokubaliana kuwaingiza wakimbizi wa mjini katika bima ya afya ya jamii, mituweli. Aliye na kadi aitumie pia kupima, asingoje hadi aanguke.

Ndugu msomaji, makrofaji wako wanafanya kazi usiku huu ukiwa umelala. Hawajui kusema "nimeshiba", na hawana mahali pa kupeleka mzigo isipokuwa pale unapowapunguzia na kuwaacha wapumue. Wamekulinda na vidonda, na homa, na safari ndefu iliyokuleta hapa. Si haki tuwaache wafie kwenye kuta za mishipa yetu kwa sababu ya usemi mmoja wa kujifariji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wiki hii pita kituo cha afya upime presha, na umchukue mtu mmoja wa nyumbani kwako. Kinga ni bora kuliko tiba.